Mashine ya kusaga inamaliza beringi: seti ya tatu tangu Machi, na mtetemo bado upo

Mama Dona, Kibaigwa

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Nina mashine ya kusaga hapa Kibaigwa, si mbali na soko la mahindi. Ni kinu cha nyundo, nyundo 24 kwenye pini nne, sita kila pini. Kinaendeshwa na mota ya umeme wa njia tatu, kibao chake kinasema kilowati 15, mizunguko 1460 kwa dakika. Puli ya mota ni inchi 11, ya kinu inchi 6, mikanda mitatu yenye namba B112. Beringi za kinu zina namba 6310. Naandika yote haya kwa sababu fundi mmoja niliyempigia simu aliniambia hawezi kusema lolote bila kujua mashine yenyewe.

Tangu niinunue mwaka 2019 haikuwahi kunisumbua. Mwishoni mwa Februari nati iliingia pamoja na mahindi. Tulizima mbio, tukafungua, tukakuta chekeche limetoboka na nyundo mbili zimemeguka pembeni. Fundi akaja, akaweka chekeche jipya, na zile nyundo mbili akazijaza kwa kuchomelea mlemle ndani bila kuzitoa, maana wateja walikuwa wamepanga madebe hadi barabarani. Jioni ileile tukasaga.

Kuanzia hapo mashine inatetemeka. Ndoo ya maji ikiwa sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye kinu, uso wa maji unachora mviringo juu ya mviringo. Beringi ya upande wa puli ilikufa Machi, tukabadilisha zote mbili. Aprili ikafa tena ya upande wa puli. Mei ikafa ya upande wa pili. Kila mara ni siku mbili za kufunga, na wateja wangu wa dona wameanza kumzoea jirani.

Nilichokiona mwenyewe ni hiki: mtetemo ni uleule, kinu kikiwa kitupu au kikiwa na mahindi. Nikizima hauishi palepale, unapungua taratibu kadiri mashine inavyopunguza mwendo. Mlio ni mvumo mmoja mzito, na wiki hii umeongezeka mkwaruzo mwembamba juu yake, kama mchanga kwenye sufuria.

Fundi wa kwanza amesema beringi ni za bandia. Wa pili amesema msingi wa zege una ufa, nivunje nijenge upya. Wa tatu amesema mota imechoka. Kila jibu ni pesa, na sina pesa ya majibu matatu. Nianzie wapi?

Msuka Mota, Mwanza

Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni kusuka mota, kwa hiyo nianze na hiyo ya tatu ili uiondoe kichwani.

Mota yenye hitilafu ya umeme huvuma kwa hezi 100, yaani mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya umeme wetu wa hezi 50, na ukikata umeme mvumo huo unakatika palepale kama redio iliyozimwa. Chuma kisicho na uwiano hakijui umeme umekatika. Kinaendelea kutikisa mpaka mzunguko uishe. Wewe mwenyewe umesema unapungua taratibu. Kwa maelezo hayo mimi nisingeifungua hiyo mota.

Ila hakikisha. Mwambie fundi umeme mwenye mita ya kubana apime ampia kwenye waya zote tatu wakati mnasaga. Zikiwa zinakaribiana, sawa. Waya mmoja ukiwa chini sana kuliko wenzake, zima na utafute kwenye stata, ile swichi ya kuwashia mota, na kwenye viungo kabla ya kulaumu mota. Na sikiliza kama mvumo unapanda na kushuka, kama mara mbili au tatu kwa sekunde, mashine ikiwa na mzigo mzito. Huo ungeweza kuwa fimbo zilizokatika za rota, yaani ile sehemu inayozunguka ndani ya mota. Kama mvumo wako ni mmoja ulionyooka, si hilo.

Kuhusu beringi za bandia, zipo na nimezikuta. Lakini beringi tatu za bandia mfululizo, baada ya miaka mitano bila shida, mimi ningetafuta sababu nyingine kwanza.

Mpaka Grisi, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara.

Nimesoma maelezo yako mara tatu. Nadhani jibu kubwa umelitaja mwenyewe ukalipita haraka: nyundo mbili zilijazwa kwa kuchomelea bila kutolewa. Hapo yamefanyika mambo mawili kwa mkupuo, na yote mawili yanaua beringi.

Nilianza kazi mwaka 1986 katika kiwanda cha sukari, kijana wa kupaka grisi, na nikatoka mwaka 2017 nikiwa msimamizi wa mafundi wa mashine zinazozunguka: pampu, mafeni, vinu. Kwa miaka mingi hatukuwa na kifaa chochote cha kupimia mtetemo zaidi ya kiganja, bisibisi ndefu na sarafu. Kwa hiyo nitakayokueleza unayaweza bila kununua kitu.

Chukua karatasi tupige hesabu kwanza, maana kila kitu kinachozunguka kina mwendo wake, na mtetemo hufuata mwendo wa kile kinachousababisha. Mota yako inazunguka mara 1460 kwa dakika, gawa kwa 60, ni mara 24 na kidogo kwa sekunde. Kinu: 1460 mara 11 gawa kwa 6, unapata 2677 kwa dakika, karibu mara 45 kwa sekunde. Mkanda wenyewe, kwa urefu wake wa inchi 112, unamaliza mzunguko mmoja kama mara saba na nusu tu kwa sekunde. Mkanda ukiwa na kidonda au uvimbe, mashine hupepesuka polepole na mkono wako unakaribia kuhesabu mapigo. Wewe umesema mvumo mmoja mzito. Mvumo wa mara 45 kwa sekunde mkono hauwezi kuuhesabu, sikio linausikia kama sauti moja. Kwa hiyo macho yangu yako kwenye kinu, hayako kwenye mikanda.

Sasa uzito. Tuseme kila nyundo iliyojazwa imezidi wenzake kwa gramu 50, na ziko kwenye pini moja. Hizo ni gramu 100, uzito wa kipande cha sabuni. Kwenye mkono si kitu. Lakini ziko kama sentimita 18 kutoka katikati ya shafti, na zinazungushwa mara 2677 kwa dakika. Nguvu ya kuvuta kwenda nje ni uzito, mara umbali kutoka katikati, mara mwendo wa mzunguko uliozidishwa kwa wenyewe. Nimepiga: inatoka karibu nyutoni 1400, sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 140. Mzigo huo unaivuta shafti juu, pembeni, chini, pembeni, mara 45 kila sekunde, kutwa nzima. Ndiyo maana maji yako yanachora mviringo, na pengine ndiyo maana zege lina ufa. Usilivunje zege sasa. Ufa unaweza kuwa ni matokeo.

Jambo la pili ni umeme wa kuchomelea. Huyo fundi alibana wapi klipu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea? Kama aliibana kwenye bodi ya kinu huku akichomelea nyundo iliyoko kwenye rota ya kinu, umeme ulitoka kwenye nyundo, ukapita kwenye pini na shafti, ukavuka gololi za beringi kwenda kwenye bodi. Gololi inagusa pete yake mahali padogo kuliko ncha ya kalamu. Ampia mia moja zikipita hapo zinaacha shimo lililoungua, halafu kila gololi inayopita juu ya shimo inalipanua. Beringi yako ya Machi naamini ilikufa hivyo. Nimeona beringi mpya kabisa ya feni ikiuawa siku moja kwa uchomeleaji wa namna hiyo, na aliyechomelea alikuwa fundi mzuri mno wa kuunga vyuma ambaye hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Klipu ya ethi ibanwe kwenye kipande chenyewe kinachochomelewa, karibu kabisa na moto. Afadhali zaidi kipande kitolewe nje.

Ila beringi za Aprili na Mei hazikuchomelewa. Kwa hizo nina maswali. Umezitunza? Kama unazo, ikate moja kwa gurainda, uifungue, uitazame kwenye mwanga. Beringi iliyokufa inasomeka. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta upande mmoja siku zote, kwa hiyo njia ya gololi kwenye pete ya nje inachakaa upande mmoja tu, huku pete ya ndani ikichakaa mzunguko mzima. Uzito usio na uwiano unazunguka pamoja na shafti, kwa hiyo ni kinyume chake: pete ya nje inachakaa mzunguko mzima, ya ndani mahali pamoja. Na ukiona vishimo vilivyopangwa kwa nafasi sawa kama meno, jua aliyeifunga aliigonga kwa nyundo kwenye pete ya nje ili iingie kwenye shafti, na nguvu ikapitia kwenye gololi.

Kisha fanya majaribio haya, na kabla ya kila moja zima swichi kuu, toa fyuzi, ziweke mfukoni mwako wewe, si kwa kijana wa mashine. Mtandio na kanga viache nyumbani siku hiyo. Nilimzika rafiki aliyevutwa na mkanda kwa ncha ya koti.

Vua mikanda yote. Washa mota peke yake. Simamisha sarafu ya shilingi 100 kwa ukingo juu ya mota, mahali palipo bapa. Mota iliyotulia itaiacha isimame. Ikianguka kila mara, angalia miguu ya mota: legeza bolti moja, ona kama mguu unainuka, ikaze, nenda ya pili. Mguu usiokaa vizuri unaupindisha mwili wa mota, na kuukaza kwa nguvu hakusaidii. Kata kipande cha kopo la soda, ni kama milimita 0.1, ujaribu kukipitisha chini ya mguu uliolegezwa. Kikipita, hapo panataka kujazwa.

Mota ikiwa salama, toa nyundo zote 24, ukiandika kila moja ilikaa pini gani na nafasi gani. Rudisha mikanda, washa kinu bila nyundo. Kikitulia, ugonjwa uko kwenye nyundo. Kikiendelea kutetemeka, ni rota, shafti au puli. Zipime nyundo kwenye mzani wa duka, ule wa namba, moja moja.

Nieleze kwa nini nasisitiza kutenganisha. Tulikuwa na feni ya kuvuta moshi kwenye boila. Tuliibadilisha beringi mara tano katika msimu mmoja, na nilikuwa mimi ninayesaini beringi stoo. Mara ya sita bwana mmoja mzee kuliko mimi akaingia ndani ya feni na tochi, akatoka na bonge la majivu ya mabua yaliyogandamana, refu kama mkate. Majivu yalikuwa yamejaa kwenye mapanga yote, lakini kwenye panga moja yalikuwa yamebanduka. Tukakwangua mapanga yote, tukawasha, tukatazamana. Zile beringi tano zilikuwa nzima zilipotoka kwenye maboksi yao.

Fundi wa Tagi, Mombasa

Dadangu hujambo. Mzee kasema mengi, mimi naongeza moja la simu.

Niko chumba cha injini kwenye tagi, meli ndogo ya kuvuta meli kubwa bandarini. Simu yako ina kihisi cha mwendo, kile kinachogeuza picha ukiilaza. Kuna programu za bure zinazokisoma na kukuchorea vilele, kila kilele na hezi zake. Itoe simu kwenye kava, ilaze bapa juu ya nyumba ya beringi, uifunge kwa utepe imara isirukeruke, mbali na mkanda. Ukiona kilele karibu na 44 au 45, ni kinu. Karibu na 24, ni mota. Saba au kumi na tano, tazama mikanda.

Lakini jua mpaka wake. Simu nyingi zinasoma mara 100 kwa sekunde, na kifaa kinachosoma mara 100 hakiwezi kuona kitu kilicho juu ya hezi 50. Tena hakinyamazi, kinaonyesha uongo: mtetemo wa hezi 60 utauona umekaa kwenye 40. Mara mbili ya mwendo wa kinu chako ni 89, huo utajitokeza kwenye 11 ukadhani ni mkanda. Kwa hiyo tumia simu kulinganisha kabla na baada, na kuhakikisha kile ambacho majaribio ya mzee yamekwisha kukuonyesha. Mkwaruzo wa beringi uko juu zaidi, simu haiufikii kabisa. Hapo tumia bisibisi: ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

Kuna vipimo vidogo vya mtetemo, vyenye umbo la kalamu, vinavyosoma milimita kwa sekunde. Jedwali la zamani la kiwango cha kimataifa cha mtetemo, ISO 10816, kwa mashine ndogo, hadi kilowati 15, lilihesabu 4.5 kwenda juu kuwa eneo la hatari. Ukipata wa kukuazima, pima ukaandike.

Mama Dona, Kibaigwa

Asanteni sana. Nimekaa kimya siku nne kwa kuwa nilikuwa nafanya mliyoniagiza, na nimesimama mwenyewe hapo kila hatua.

Ampia zinakaribiana kwenye waya zote tatu. Mota peke yake: sarafu ilisimama, nikaiacha nikahesabu hadi sitini ikiwa imesimama. Kopo la soda halikupita chini ya mguu wowote.

Kabla ya kutoa nyundo nilifunga simu kwenye nyumba ya beringi ya upande wa puli. Kilele kimoja kirefu kwenye 44.5, kingine kifupi kwenye 24. Basi.

Kinu bila nyundo: maji kwenye ndoo yalitulia. Sikuamini, nikazima nikawasha tena.

Kisha nikapima nyundo. Ishirini na mbili ziko kati ya gramu 338 na 346. Mbili zilizojazwa: 401 na 397. Zote mbili kwenye pini moja, nafasi ya kwanza na ya pili kutoka upande wa puli.

Beringi nilizitunza kwenye kopo la rangi, sijui kwa nini, nadhani kwa uchungu wa bei. Tumeikata ya Aprili. Pete ya nje ina njia iliyochakaa mzunguko mzima, na upande mmoja imechakaa zaidi. Kwenye ukingo wa njia ya gololi kuna vishimo vinane vilivyopangwa, nafasi sawasawa. Kijana wangu amekumbuka kwamba fundi aliigonga iingie. Klipu ya ethi aliibana kwenye mguu wa kinu.

Mpaka Grisi, Morogoro

Mwanangu, umefanya kazi ya fundi kamili.

Hesabu sasa inakuwa ya kweli. Nyundo zako za kawaida ni kama gramu 342. Ziada ni 59 na 55, jumla 114. Kwa sentimita 18 na mwendo wako, ni zaidi ya nyutoni 1600, zaidi ya kilo 160. Na zilikuwa upande wa puli, palepale beringi mbili zilipofia.

Vishimo vinane ni gololi nane, 6310 ina gololi nane. Ile ilikufa siku ilipofungwa, ikawa inangoja tu. Na huo mkwaruzo unaousikia sasa ni gololi zinazopita kwenye kidonda. Zidisha idadi ya gololi kwa 0.4 na kwa mwendo wa shafti: nane mara 0.4 mara 45, pete ya nje yenye kidonda inagongwa kama mara 140 kwa sekunde. Ndiyo maana unasikia mkwaruzo mwembamba juu ya mvumo, na simu haikuuona. Maana yake ni kwamba beringi zilizomo sasa nazo zimekwisha kuumia. Samahani kukuambia hivyo, lakini ukirudisha nyundo nzuri juu ya beringi hizo utalaumu nyundo bure mwezi ujao.

Kule kuchakaa zaidi upande mmoja ni mikanda. Huenda fundi aliikaza ili kutuliza mtetemo, wengi hufanya hivyo. Kati ya puli zako ni kama mita moja na sentimita saba. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba kwa nguvu ya kawaida, ushuke kama sentimita moja na nusu hivi. Ukiwa mgumu kama ubao, unaikaba beringi ya upande wa puli.

Nyundo zile mbili zilizojazwa usizirudishe. Usijaribu kuzisaga kwa gurainda zifike 342 ukadhani zimepona, maana chuma kilichochomelewa kinaweza kumeguka, na kipande kikitoka kwa mwendo ule kinatoboa bodi, si chekeche tu. Nunua mpya nne. Usiweke mbili. Nyundo mpya ni nzito kuliko zilizochakaa, kwa hiyo weka mbili kwenye pini ile na mbili kwenye pini inayotazamana nayo, nafasi zilezile. Hizo kongwe nzima mbili utakazotoa upande wa pili tunza, zitakufaa. Kisha jumlisha uzito wa kila pini. Pini zinazotazamana ziwe sawa, tofauti isizidi gramu tano. Na si jumla tu: nzito ya upande wa puli itazamane na nzito ya upande wa puli. Jumla zikiwa sawa lakini uzito umekaa ncha tofauti, shafti itapiga makasia.

Beringi mpya: pasha moto kwenye mafuta ndani ya sufuria ya zamani, isiguse chini, itundike kwa waya. Nyuzi 80 hadi 100 zinatosha, usivuke 120. Itaingia yenyewe kwa mkono uliovaa glovu. Ikikataa, tumia bomba linalokaa kwenye pete ya ndani peke yake. Grisi isijaze nyumba yote, theluthi moja hadi nusu. Ikijaa inachemka, sili inatoa, na unga unaingia na kuwa uji ndani ya beringi. Kwenye mashine za kusaga hilo nimeliona mara nyingi kuliko beringi za bandia.

Kuhusu ufa wa zege: chora mstari wa penseli kuuvuka, andika tarehe. Ukiwa unakua baada ya mtetemo kwisha, ndipo uite mwashi.

Mama Dona, Kibaigwa

Shikamoo mzee. Leo ni wiki ya tatu.

Beringi niliipasha mwenyewe, fundi akiwa pembeni. Iliteleza ikaingia, akanitazama, akasema hajawahi kuona. Ni kijana, sikumgombeza. Nilimwonyesha ile iliyokatwa na vile vishimo vinane, akaomba aichukue akawaonyeshe wenzake, nikampa. Ya ethi pia nimemweleza.

Nyundo nne mpya zilikuwa gramu 371, 374, 372 na 375. Nilizipanga hadi pini zinazotazamana zikatofautiana gramu mbili na gramu tatu. Simu sasa kwenye 44.5 inaonyesha kilele kifupi, kama moja ya nane ya kile cha mwanzo. Maji kwenye ndoo yanatetema kidogo tu mahindi yakiingia. Mstari wa penseli kwenye ufa haujasogea.

Swali moja tu limebaki. Nyundo zina kona nne na naona kona moja ya zile kongwe inaanza kuwa duara. Nikizigeuza, nigeuze zote 24 siku moja au naweza kugeuza pini moja moja jioni nikimaliza kazi?

Mpaka Grisi, Morogoro

Marahaba. Zote siku moja, na uzipime upya kabla ya kuwasha. Andika uzito kwenye daftari pamoja na tarehe, pini na nafasi. Siku nyundo ya kwanza ikipungua gramu 40 chini ya uzito wake wa leo, badilisha seti nzima.